Kiti cha Baba

Cleveland, 20 Desemba 1995

Dada yangu Marcella,

Mama hajambo, ila magoti. Theluji imeziba mlango wa nyuma. Najua huko Baltimore mnashangilia kuhamiwa na timu yetu. Usiniandikie habari hizo.

Jumapili ilikuwa mechi ya mwisho hapa. Watu walikuja na misumeno, wakawa wanang'oa viti na kuvirusha uwanjani. Nami nilikwenda kumchukulia mama kiti cha marehemu baba, kiwe ukumbusho. Pale alipokaa na rafiki yake Mzee Emil miaka thelathini nilikuta kati ya viti vyao viwili kimebaki kimoja, nikaanza kukikata. Emil akatokea, akanishika mkono.

"We Rudi, acha! Hicho changu. Cha baba yako..."

"Mwizi wee! Hata marehemu unamwibia?"

Nilimpiga kwa chuma cha kiti. Nilisikia taya likivunjika. Akaanguka, nikampiga tena, na tena, Marcella, na yeye amejikunyata tu. Meno yake yalibaki kwenye theluji.

Nyumbani nikakigeuza kiti. Chini pamechongwa kwa kisu: EMIL, 1961.

Polisi hawajaja. Leo asubuhi amekuja mkewe, macho yamevimba, akagoma kuingia. Ameacha mlangoni kiti cha baba, kimefungwa blanketi, na karatasi yenye mwandiko wa Emil: "Kwa mjane wa Jozef."

"Alikikata kabla hujafika," akaniambia. "Alitaka kukwambia kiko garini."

Mama amekikalia tangu asubuhi. Anataka kesho nimpeleke kwa Emil, akamshukuru.

Nduguyo,
Rudi