Kisaa cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo Shangazi kaaibika hewani, hapa redioni kwetu. Mimi fundi mitambo wake nilikuwa upande wa pili wa kioo, nimeona yote, sikuweza kumwokoa.

Saa ya ukutani imeondolewa — Bosi kabandika sponji za kuzuia mwangwi studio nzima, na hataki kusikia habari za msumari. Saa ya mezani nayo inagonga hadi inasikika hewani. Basi kamwekea kompyuta. Pembeni kuna vinamba: 14:00. Shangazi kavuta pumzi, katangaza kwa utulivu wake wote: "Sasa ni saa kumi na nne kamili. Jua ni kali, mwenye safari abebe mwavuli."

Simu zikaanza kulia. Mmoja kauliza saa kumi na nne zinauzwa duka gani, naye akanunue.

Shangazi kacheka nao. Lakini alipotoka alikaa kwenye ngazi akifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Huyu ndiye aliyenilea baada ya kaka yake, baba yangu, kufariki. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kwenda shule. Nampenda mno huyu mama, na leo nimeshindwa hata kumwambia pole.

Bosi kaniita. Kuanzia Jumatatu ijayo saa itatangazwa na mashine, Shangazi "apumzike". Kazi yake ni hiyo tu, kutaja saa kati ya vipindi! Ukimwondolea saa, hana kiti. Nikasema tatizo si yeye, ni vinamba. Nipe wiki hii, nimtengenezee saa ya mishale ndani ya kompyuta. Kakubali huku akiangalia simu yake.

Jumanne, 4 Machi

Duara limekaa. Mishale mitatu. Nikawasha — saa nzima imelala ubavu! Kumbe kompyuta huanza kuhesabu nyuzi kutoka kulia, si kutoka juu. Nimerudisha nyuma nyuzi tisini, ikasimama wima.

Halafu mshale wa saa ukagoma. Unasubiri saa nzima iishe, ndipo uruke kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nimeufundisha kujongea pamoja na dakika, polepole. Kisaa kinaelea juu ya madirisha yote, hakifunikwi na kitu. Mshale wa sekunde nimeupa rangi nyekundu ya mtandio wake. Hakuna atakayegundua. Basi tu.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Kwa nini mshale uwe kwenye saba halafu sisi tuseme saa moja? Nimezungusha namba zote. Juu kabisa nimeandika sita, chini kumi na mbili. Penye saba sasa pana moja. Unasoma unachokiona, hakuna kujumlisha wala kutoa! Nashangaa hakuna aliyenitangulia. Namba nimezifanya kubwa, za kujivunia. Nimejinunulia soda baridi kujipongeza.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa najua kwa nini hakuna aliyenitangulia.

Asubuhi watu wanapiga mswaki. Shangazi kakiona kisaa, kakipenda, kaniambia kupitia kioo kwamba kina sura nzuri kuliko yangu. Mshale uko penye moja yangu. Akafungua maikrofoni: "Saa saba kamili. Mwenye mtoto wa shule amwamshe."

Saa saba! Mtoto gani wa shule anaamshwa saa saba?

Maisha yote macho yameona saba, mdomo ukasema moja. Mimi nikayapa macho moja, mdomo ukafanya kazi yake ya siku zote. Mimi mwenyewe niliyekitengeneza nimechelewa kwenda kula mchana. Bosi kasimama mlangoni, katikisa kichwa, kaondoka. Afadhali angefoka.

Nimemwomba Shangazi radhi. Kasema zamani hakuwa hata akisoma namba, alitazama tu mishale imekaaje. "Sasa wewe umeziandika kubwa hivyo, nikaona adabu nizisome."

Jioni nimezifuta zote.

Ijumaa, 7 Machi

Kisaa hakina namba hata moja. Alama kumi na mbili na mishale, basi. Shangazi kakisoma kutwa nzima bila kukosea! Kila mara, kabla ya kufungua maikrofoni, ananiuliza kwa ishara kupitia kioo huko nje kukoje, nami nachungulia dirishani kwangu, namjibu kwa ishara. Kisha: "Saa tisa kasoro robo. Wingu limetanda, mlioanika nguo msijisahau." Ndivyo anavyotaja saa. Hajawahi kuitaja peke yake.

Bosi kaja. Kakisifia kisaa, kaniambia kumbe nina kipaji. Nikavimba kichwa, nakiri. Halafu akasema: kwa kuwa kisaa kinajua saa, kifundishe kuisema. Rekodi sauti ya Shangazi, ipachike humo. Watu wanaipenda sauti yake, tutabaki nayo. Yeye apumzike.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimechimba, kaingia shangazi yangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anapiga pasi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Kauliza kama ni mimi nitakayeikatakata hiyo sauti na kuipachika. Nikasema ndiyo, au niache kazi, achague. Kanikataza hata kutamka habari ya kuacha kazi.

"Afadhali wewe, mwanangu," akasema. "Mwingine angenikata vibaya."



Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa kwenye mitambo. Rekodi inakwenda, taa nyekundu inawaka.

Bosi kaketi kando yangu, kavaa hedifoni. Kamweleza Shangazi mwenyewe: taja saa moja hadi kumi na mbili, moja moja, safi, bila nyongeza. Shangazi kaitikia vizuri, kakaa sawa, kajitanda mtandio. Nikainua kidole.

Akakitazama kisaa.

Nikadhani hajaniona. Nikainua tena. Akasogea kwenye maikrofoni.

"Huko nje kukoje?"

Bosi kabonyeza kitufe, kamjibu kwa upole kwamba haihitajiki. Ni rekodi tu, Mama, sema saa moja kamili. Shangazi kafungua mdomo, kaufunga. Hafanyi kiburi, namjua. Kajaribu mara mbili, tatu. Haitoki.

"Saa moja ya siku gani?" akauliza.

Nimemtazama Bosi. Bosi kanitazama mimi. Kavua hedifoni upande mmoja, kama mtu anayetaka kusikia vizuri zaidi. Sijazima rekodi, na sitaizima hadi niambiwe. Shangazi anasubiri, mikono mapajani, anatutazama kupitia kioo bila hasira yoyote.

Sasa Bosi ameinuka. Amekwenda dirishani. Anafunua pazia, anatazama juu.