Taa Tunayoiona Kutoka Kalembe

Kalembe, kwa Papa Symphorien

Kaka yangu mpendwa Valens,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Pinga, wewe na mke wako Uwamwezi, na kwamba mtoto amepona kikohozi. Sisi huku tunaendelea, kama wasemavyo watu wasiotaka kuulizwa zaidi. Mama ana nguvu, na bado analalamika kwamba huandiki. Nimekutetea, nikamwambia kwamba rezo ya telefone imekatika na kwamba wewe tangu shuleni hukuwa mtu wa kalamu. Alicheka kidogo. Barua hii nampa Noël wa pikipiki, naye ameahidi kukukabidhi wewe mwenyewe, si mtu mwingine dukani.

Utashangaa kuona naandika kutoka Kalembe badala ya nyumbani. Tumeshuka, kaka. Mimi na Mama tuko kwa Papa Symphorien, yule mkulima tuliyekuwa tukimpelekea maziwa naye akitupa maharage. Yeye na mke wake Emérita wametupokea vizuri sana, wametupa chumba cha nyuma, wala hawajauliza tutakaa hadi lini. Papa amebaki kule juu na ng'ombe. Ngoja nikueleze tulivyofika hapa, maana jambo lenyewe lilianza na ile pano ya umeme wa jua uliyotutumia.

Usijilaumu. Ulitaka wazazi wako wasikae gizani, na kwa kweli tulifurahi. Betri Papa aliiweka chini ya kitanda chake, akaifunika blanketi kama mgonjwa. Ile taa kubwa ya nje tuliifunga juu ya mlango wa zizi. Mlima wote ulikuwa giza, sisi peke yetu tunang'aa. Jirani yetu wa bondeni, Mama Nyirabagenzi, alisema tunaonekana mpaka Kalembe, nasi tukaona ni sifa.

Watu wakaanza kuleta telefone zao kuchaji. Mimi nilishauri tuchague wa kumpokea na wa kumrudisha, Papa akakataa katakata. Unamjua. Alinikumbusha desturi yetu ya kurahura, kwamba mtu akizimikiwa na moto huja na kigae chake kuchukua kaa jikoni kwa jirani, na hakuna mwenye nyumba anayemuuliza anakwenda kupika nini. Kwake umeme wa jua ulikuwa moto ule ule wa jikoni. Nilimwambia kwamba kaa la moto haliongei na mtu aliye mbali, lakini telefone inaongea. Akasema masomo yamenifanya mchoyo.

Kisha wakaja wale wa msituni. Unajua ninaowasema. Walikuja wawili kwa adabu, wakavua kofia, wakaomba maziwa, wakanywa, halafu wakatoa betri za redio zao za mkononi, wakaomba moto. Papa akachaji. Walirudi na nyingine, nyingi zaidi, naye akachaji tena, safari hiyo bila kututazama machoni. Watu wa bondeni wakaacha kuleta telefone. Mama Nyirabagenzi akaacha hata kununua maziwa yetu, na tukikutana njiani anajifanya anatafuta kitu kwenye kitenge chake. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Siku moja mkubwa wao alikuja mwenyewe. Alisifu ng'ombe, akauliza jina la kila mmoja, akakaa kwenye kiti cha Papa bila kukaribishwa. Alipoondoka alielekeza kidole kwenye taa ya zizi.

"Muzee, hii taa tunaionaka kila mangaribi kule juu," alisema. "Isizimike. Siku itazimika, tutajua mumekimbia kwenda kutuuza."

Papa akaamua sisi wanawake tushuke, lakini si pamoja. Mama alikataa kwanza. Alikubali kwa sharti moja, akalisema mbele yangu: "Kanamugire, mimi nitakuwa naangalia ile taa. Siku nitaikosa, njo siku nitapanda kukutafuta." Papa akasema sawa. Akaeleza kwamba atawazoeza ng'ombe kula majani karibu na njia ya msitu, kisha atawapitisha polepole mpaka kwako Pinga. Mama akatangulia Jumapili, na kitabu cha nyimbo mkononi, bila hata sufuria. Mimi nikafuata kesho yake asubuhi, na kidumu cha maziwa kama ninayekwenda sokoni.

Basi kila mangaribi Mama anatoka nyuma ya nyumba ya Papa Symphorien, anasimama kwenye shamba la maharage, anangoja. Taa ikiwaka kule ng'ambo anapiga ishara ya msalaba, anasema mzee amemaliza kukamua, kisha anaingia kula. Emérita ameshajua, hamwekei chakula kabla ya hapo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Mama halijui, na wenyeji wetu pia hawalijui.

Asubuhi niliyoshuka, Papa alinivuta nyuma ya zizi. Unakumbuka kwamba taa ile ina kitufe cha kuifanya iwake yenyewe giza likiingia. Papa hakukipenda hata siku moja. Alisema taa haiwezi kumwamulia mtu saa ya kufunga zizi lake, akawa anaiwasha kwa mkono wake baada ya kukamua. Asubuhi hiyo akaniambia: "Umulisa, unionyeshe ile buto ya kuwaka yenyewe." Nikamuuliza ya nini. "Mama yako akiona moto, hatapanda. Na wale wakiona moto, hawatashuka. Usimwambie." Kitufe nilikigeuza mimi, kaka, kwa kidole changu.

Nilijipa moyo kwamba anataka kutoroka na ng'ombe bila mtu kujua. Labda ni kweli. Labda unaposoma haya amekaa hapo kwako anakunywa chai na nyote mnanicheka. Kama yupo, anitumie neno moja tu kupitia Noël.

Lakini leo asubuhi ng'ombe wetu Gaju ameshuka peke yake. Nilimkuta kwenye njia ya kisima, kamba imekatika shingoni, kiwele kimevimba na kuwa kigumu kama jiwe, maziwa yanadondoka yenyewe. Alikuwa hajakamuliwa siku kadhaa. Papa anaweza kusahau kula, anaweza kusahau misa, lakini ng'ombe mwenye maziwa hawezi kumwacha hivyo akiwa mzima. Nilimkamua pale pale nikilia, nikamficha nyuma ya migomba. Na jana tu mangaribi Mama alisimama shambani, taa ikawaka, akasema mzee amemaliza kukamua.

Valens, mvua zimeanza. Mawingu hayaondoki mlimani, pano haipati jua, na jana taa ilikuwa hafifu, nilihangaika kuiona. Wewe unauza vitu hivi, unajua kuliko mimi betri itavumilia mpaka lini. Siku itakapozimika Mama atapanda. Nikimwambia nilichofanya, atapanda siku hiyo hiyo. Naogopa, kaka, na sina mtu wa kumwambia isipokuwa wewe. Njoo na pikipiki umchukue kwa uongo wowote, sema Uwamwezi anaumwa, sema mtoto anamlilia bibi yake. Mambo ya Papa tutayafuatilia mimi na wewe, Mama akiwa mbali.

Nisalimie Uwamwezi na mtoto. Papa Symphorien na Emérita wanakusalimu. Mama naye anakusalimu sana. Amesimama hapa mlangoni, ananiharakisha nimalize ili twende shambani, na anataka nikuandikie kwamba usiwe na wasiwasi, Papa ni mzima, taa yake tunaiona kila siku.

Mimi dada yako,
Umulisa