Mota ya Pili ya Pikapu Yako

Mjukuu wangu Atieno,

Nyanya yako anakusalimu. Goti lake limepata nafuu, na mihogo tumeshavuna. Umeniuliza ununue mota gani ya pikapu yako ya umeme, kwa kuwa ya kwanza imeungua. Swali hilo limeninyima raha.

Miaka ya themanini, umeme ulipofika kwetu Sondu, niliitoa injini ya dizeli kwenye mashine yangu ya kusaga unga, nikafunga mota kubwa kuliko zote dukani. Ilizunguka kasi kuliko injini, lakini puli, gurudumu la kuzungusha mkanda wa mashine, niliacha ile ile ya zamani, hivyo mawe yakasaga kwa kasi mno. Mashine ikanguruma hadi mabati yakatetemeka, nami nikajivunia. Mama mmoja akakinga kiganja kuonja unga, kama wanavyofanya wote hapa, akakitoa haraka.

"Baba, unga unachoma. Unakimbilia wapi na mahindi yetu?"

Nilizima. Nilikuwa nimeuliza nguvu ya mota tu, sikuuliza mashine inataka mwendo gani.

Nawe kabla ya kununua, pima kwanza mzigo wa gari na mwendo linaoutaka. Siku ya kuijaribu mota mpya, simama baada ya mwendo mfupi, usogeze kiganja karibu nayo uone kama inachoma, kisha unipigie. Nitakuwa nimeshika simu tangu asubuhi.

Babu yako