Godoro la Mtu Mmoja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu kibogoyo, meno yameshaota au bado anatafuna kwa ufizi? Sisi huku tunakula, tunapumua, kukicha tunaamka. Cherehani yangu inakohoa kama mzee wa tumbaku, na wateja ni wale wale: wanaleta kitambaa leo, nguo wanaitaka jana.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu ungenikatiza, na mimi ukinikatiza nalia, na nikilia huambulii neno. Kwa hiyo tafuta kiti, kaa, isome mpaka mwisho.

Nianze na godoro. Maagizo yako yalikuwa wazi: godoro la mpira wa asili, lile pana, baba na mama wajinyooshe kama wafalme, nyonga ya mama ipumzike tangu siku ile alipoteleza bafuni. Sasa umeiona picha niliyokutumia, umeuliza mbona dogo, mbona la mtu mmoja. Baba ameniambia nikujibu kwamba lile pana halikupita mlangoni. Kaka, mlango ule aliutengeneza yeye mwenyewe, wewe ukimshikia misumari. Nimeshindwa kukuandikia uongo huo.

Tulikwenda dukani mimi na baba, mama tukamwacha na jirani. Baba alivaa koti lake la kuendea harusi za watu, lakini penseli ya useremala ilikuwa bado nyuma ya sikio, amesahau kuitoa. Muuzaji ni mama mmoja mnene, mcheshi, anayewaamuru wateja wavue viatu kama watoto wa chekechea. Alituambia magodoro ya mpira yote si ndugu. Mengine ni utomvu wa mti mtupu, mengine yamechanganywa na vitu vya kiwandani, na kwa macho hutayajua mpaka uulize na ufungue foronya uone ndani. Baba akataka afunguliwe zipu pale pale. Akabonyeza kwa dole gumba, akaachia, akatazama mpira unavyorudi juu. Akainama akanusa. Akachungulia yale matundu madogo ya kupitisha hewa. Yule mama akamuuliza kama anachagua godoro au anachagua mchumba. Baba akamjibu kwamba yote mawili ni mamoja, ukikosea unaamka na maumivu. Duka zima likacheka.

Kisha akaanza kuyajaribu. Nilidhani atalala chali, kama tunavyomjua, mdomo wazi, akikoroma mpaka bati linatetemeka. Lakini alilala ubavu wa kulia, akakunja magoti, akaweka kiganja chini ya shavu. Nikamcheka, nikamwambia baba, leo umekuwa mwali? Alikuwa amefumba macho. Ndipo nikatambua kwamba vile ndivyo anavyolala mama.

La kwanza lilikuwa laini mno. Alisema linameza, na mtu mwenye nyonga mbovu akizama humo hawezi kugeuka mpaka aite watu. La pili lilikuwa gumu, muuzaji akapitisha mkono chini ya kiuno cha baba na mkono ukapita kama chini ya daraja. Akasema hapo mgongo unaning'inia, asubuhi utanung'unika. La tatu lilikuwa la kadiri, ndani gumu kidogo, juu tabaka laini. Mkono ulipita kwa shida kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Bega likazama, nyonga ikazama, uti wa mgongo ukanyooka. Baba akakaa pale, kaka, nikaona jicho lake linalowa. Nikadhani ni uchovu wa uzee.

Muuzaji akasema haya, chaguo zuri, sasa mzee sogea tuone kama mkilala wawili mmoja akigeuka mwenzake hasumbuki. Baba akasema anataka la mtu mmoja. Yule mama akadhani hakusikia vizuri, akaanza kumweleza kwamba mke na mume wanahitaji nafasi. Baba akaanza kuvaa viatu, taratibu, akifunga kamba kwa uangalifu kama mtu anayejifunza. Akasema, bila kumwangalia yeyote, kwamba hawalali tena pamoja. Muuzaji akaenda kutafuta kamba ya kufungia mzigo, akakawia sana huko nyuma, na aliporudi hakutania tena.

Tulipokuwa nje tukimngoja mtu wa mkokoteni, nikamuuliza baba kulikoni. Wamegombana? Uzeeni hivi? Akaniambia twende kwanza nyumbani.

Tulipofika alivua koti, akachukua msumeno, akaingia chumbani. Unakikumbuka kitanda chao. Alikitengeneza kabla hajamwoa mama, akakichonga maua kichwani, na sote wawili tumezaliwa juu yake. Alikitoa uani akakiweka juu ya matofali, akapiga mstari kwa ile penseli, akakikata. Nilipiga kelele. Akaniambia nishike huku, mbao zisipasuke. Basi nikashika. Nilimshikia baba yangu kitanda cha ndoa yake akakipunguza upana mpaka kikabaki cha mtu mmoja, na mbao zilizobaki akazitengenezea ukingo wa ubavuni, mama asianguke. Akaongeza chaga, zikae karibu karibu, maana muuzaji alisema godoro la mpira ni zito, chaga zikiachana linabonyea.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akitazama. Alimsifu sana. Alimwambia fundi, una mkono mzuri, nani alikufundisha kazi? Baba akamtajia marehemu babu. Mama akasema loo, hata mimi nilimsikia mzee huyo.

Sasa nakuambia lile ambalo baba amenikataza, kaka yangu. Mama hamjui baba tena.

Kwamba alikuwa anasahau, tulijua. Kuunguza sufuria, kutafuta miwani ilhali ameivaa, hayo tulikuwa tukiyacheka. Mimi amekuwa akiniita kwa jina la marehemu mdogo wake, nami naitika. Lakini hili jingine baba amelificha hata kwangu mimi ninayeishi mtaa wa pili. Mama anaamka na kumkuta mwanamume kitandani, anapiga mayowe, anaomba asiuawe. Baba akahamia kwenye viti vya sebuleni. Hata hivyo mama hakutulia: akipapasa anakuta nafasi tupu pembeni, anauliza ni nani analala hapa, anakaa macho akimngoja huyo mtu aje. Ndiyo maana baba akataka kitanda kisiwe na nafasi ya mtu wa pili. Na zile simu zako zote, alipokuambia mama amelala, mama yuko msalani, mama ameenda kwa jirani, mama alikuwa pale pale. Baba anasema ukijua utaacha kazi ukimbilie huku, na kazi ya huko uliipata kwa taabu.

Daktari wa magonjwa ya kichwa ameshamwona mama. Amesema kwa upole kwamba hakuna dawa ya kumrudisha, ziko tu za kumtuliza.

Tulipotandika, mama alipanda mwenyewe. Akalala ubavu wa kulia, akakunja magoti, akaweka kiganja chini ya shavu. Akashusha pumzi ndefu ambayo sijaisikia tangu aanguke. Nyonga haikumuuma. Baba alikuwa amepiga magoti akikaza parafujo ya ule ukingo, na mama akamtazama kwa muda, kwa huruma, kama tunavyomtazama mgeni mwema.

“Wewe fundi,” akasema, “una mke?”

Baba akasema, “Ninaye.”

“Anakupenda?”

“Alinipenda sana.”

“Basi nenda nyumbani,” mama akamwambia. “Umefanya kazi ya kutosha. Asije akakungoja.”

Baba akasema, “Nakwenda sasa hivi, mama.” Akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akaaga kwa heshima, akatoka akarudisha mlango. Nilimkuta uani ameshika ukuta kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona baba akilia, na sikujua nimfanye nini, nikasimama tu nyuma yake nikiwa nimeshika ncha ya shati lake.

Kila siku anabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake mwenyewe. Anajitambulisha kuwa ni fundi, amekuja kuangalia kitanda. Mama anamkaribisha, wanaongea, wakati mwingine mama anacheka. Akichoka, baba anaaga.

Kaka, njoo. Hata kwa siku chache. Sikuiti uje kumponya mama wala sikuiti uje kulaumu. Ukifika usimuulize kama anakukumbuka, swali hilo linamtisha. Kaa tu karibu naye, umshike mkono, umwache aamue wewe ni nani.

Nisalimie wifi, umbusu mtoto. Jirani anakusalimu, na wateja wangu wanaokujua wanakuulizia. Baba anakusalimu sana, ingawa hajui ninachoandika. Salamu za mama nakuletea mimi kutoka kwangu, maana nimemjua maisha yangu yote na najua angekutumia zipi: ule vizuri, usilale na soksi mbichi, na anakupenda kuliko unavyodhani.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Chiriku