Pua ya Bijou

Jumamosi, 3 Juni 2023

Tumekuwa watu wa farasi. Ndiyo, farasi! Amefungwa nyuma ya nyumba, pale walipokuwa mbuzi, anatafuna majani kama vile alizaliwa hapa hapa mtaani kwetu Mbugangari. Anaitwa Bijou. Jike, wa kahawia, mguu mmoja mweupe.

Rwema ametoa pikipiki, rafiki yake Abdu ametoa farasi. Wamebadilishana, basi. Mume wangu amechoka kubeba abiria kwenye mvua. Anataka kupandisha watoto farasi ufukweni mwa ziwa wikendi, mzunguko mmoja, picha, ashuke, apande mwingine. Sikukataa. Binti yetu Gwiza ana miezi mitano, analala kwa vipande, na mimi vivyo hivyo. Mtu anayelala kwa vipande hana nguvu ya kukataa.

Baba mkwe ndiye aliyemkagua. (Jina lake silitaji, hata humu. Mama alinikataza: mke hataji jina la baba wa mumewe.) Alichunga ng'ombe Uganda ujana wake wote. Alimzunguka Bijou, akatazama macho, akainua mkia, mwisho akamshika pua. Imelowa. Akatuonyesha kiganja kinavyong'aa. "Pua mbichi! Mnyama mzima huyu." Abdu akacheka: muzee, we unajua wanyama kunipita, mi nitaongeza nini? Akavaa helmeti ya Rwema, akaondoka.

Jumapili, 4 Juni

Misa. Kisha ufukweni. Watoto kumi na mmoja wamepanda! Rwema amerudi anaimba. Nimemkalisha Gwiza juu ya Bijou dakika moja, nimemshika kwa mikono yote miwili. Bijou hakutikisika. Aligeuza kichwa tu, akamnusa mguu. Nimempenda. Sikutaka — nimempenda.

Jumatano, 7 Juni

Anakohoa. Kikohozi cha mtu mzima, kinachotoka chini kabisa. Majani hagusi. Kamasi imekuwa nzito, ya njano. Baba mkwe anasema ni vumbi la kiangazi. Nimesema sawa, baba.

Nimefua nepi. Nimemfuta Gwiza pua. Nimemfuta farasi pua. Kamasi za nani kwenye kanga yangu, sijui tena.

Alhamisi, 8 Juni

Nimemwita Xavérine, daktari wa mifugo. Rwema alisema tungoje, nikapiga simu mwenyewe. Amekuja na mabuti yake, akampapasa Bijou chini ya taya: uvimbe, mkubwa kama parachichi. Majipu ya koo. Ni ugonjwa unaopona, amesema, lakini wiki sita asipandwe na asimkaribie farasi mwingine hata kidogo. Ndoo ya maji tu inatosha kumwambukiza mwenzake, na wengine hufa. Na Gwiza je? Nimeuliza mara tatu. Osha mikono, mama, usiogope.

Nikamwambia: lakini siku ile pua ilikuwa mbichi! Alinitazama kwa huruma. Mwenye pua mbichi akiwa mzima ni ng'ombe, akasema. Farasi mzima pua yake ni kavu. Ukiona inatiririka, jua kuna kitu.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia. Akachukua kofia yake, akatoka.

Xavérine ameandika yote kwenye karatasi na kugonga muhuri. Nimeiweka ndani ya daftari hili. Baba mkwe alikuwa amerudi, aliniona nikiiweka.

Jumamosi, 10 Juni

Rwema amemwita Abdu. Makelele uani, majirani wote juu ya ukuta.

"Ulijua anaumwa!"

"Mi nilisema ni muzima? Nani alisema? Ni muzee wenu!"

"Ulinyamaza."

"Muliniuliza? Mungeniuliza, ningesema."

Nikamwambia kunyamaza kule ni uongo ule ule. Akacheka lafudhi ya kwetu nilikozaliwa: sikieni Kiswahili ya Karagwe! Kisha akawasha pikipiki yetu — yake. Moshi wa bluu ukajaa uani, nikamfunika Gwiza uso. "Na hii? Inakunywa oili kama mulevi! Rwema, ndugu yangu, uliniambia? Bon. Na mi sikuuliza."

Mimi sikujua. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama tairi.

Jirani mmoja akapiga kelele: hawa wawili wameoana, nani anatoa mahari? Watu wakacheka mpaka barabarani. Baba mkwe hakutoka ndani siku nzima.

Jumatatu, 12 Juni

Jipu limepasuka. Harufu! Nimeliosha kwa maji ya chumvi. Bijou ameniegemezea kichwa begani, Gwiza yuko mgongoni. Nikasimama hivyo hivyo, katikati yao. Hata nguvu ya kuondoka sikuwa nayo.

Alhamisi, 15 Juni

Rwema anataka kumuuza. Amempata mtu wa Cyanzarwe, Jean de Dieu. Ana farasi mmoja wa kubeba viazi, anamtafutia mwenzake.

Nikasema: mwambie ukweli. Akasema: nikimwambia hatamchukua, na wiki sita tutakula nini? Nikasema nitarudi kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Akasema mshono wako wa uzazi haujapona vizuri. Sasa ndiyo ananihurumia!

Nikasema farasi wa yule mtu atakufa kwa ajili yetu. Akasema Abdu alitufanyia hivi hivi. Nikasema ndiyo maana.

Baadaye alimchukua Gwiza akamtembeza uani saa nzima ili nilale. Sikulala. Nilimsikia akimwimbia. Mtu mwenyewe ni mwema, na anataka kufanya jambo baya. Nitamkasirikiaje huyu?

Jumamosi, 17 Juni

Wako uani sasa hivi. Nimeingia kuandaa chai. Gwiza ananyonya, naandika kwa mkono mmoja.

Jean de Dieu ni mtu mzima, viatu vimejaa udongo mweusi wa Cyanzarwe. Amenisalimia vizuri. Amemwambia Gwiza, we nitakuoa, ungoje tu meno yatoke. Kisha akatusimulia farasi wake, Kadogo. Miaka saba wako pamoja. Njia ya shamba anaijua mwenyewe. "Lakini iko peke yake sana. Ananiangalia mi kutwa nzima. Na mi sura yangu munaiona!" Tukacheka. Hata Rwema.

Uvimbe wa Bijou umeshuka. Pale palipopasuka, Rwema amepaka mafuta, akalaza manyoya. Kikohozi kidogo tu. Pua bado imelowa. Jean de Dieu akaipapasa, akajifuta mkono kwenye suruali. Akamgeukia baba mkwe, kwa heshima kabisa:

"Muzee, pua iko mbichi. Ni muzima, sindiyo?"

Rwema alitazama viatu vyake. Baba mkwe alifungua mdomo — nikadhani atasema kweli! — kisha akanitazama mimi.

"Mama Gwiza. Lete chai."

Mbele ya mgeni siwezi kumwambia baba wa mume wangu kwamba alikosea. Na yeye anajua siwezi. Sijui kama alitaka kuniondoa pale. Au alitaka nije huku, kwenye daftari.

Chai imeiva. Vikombe vitatu kwenye sinia. Karatasi ya Xavérine nimeikunjua, nimeiweka chini ya kikombe cha Jean de Dieu. Muhuri unaonekana.

Labda hajui kusoma. Basi ataniuliza imeandikwa nini, nami nitamsomea.

Gwiza ameachia titi, amelala. Rwema anaita: chai vipi?