Maua Niliyoyaleta kwa Mkono Wangu

Jumamosi, Ihumwa. Jua kali, lakini ardhi bado ina unyevu wa mvua ya juzi.

Sasa hivi Neema ametoka shambani mbio, matope hadi magotini, kashika mche mdogo na mzizi wake wote. "Mama, adui!" Mtoto wa miaka mitatu huyo! Nimecheka mpaka machozi.

Maana adui mwenyewe nilimleta mimi.

Nilipoolewa nilikuja na kijiti kutoka Makole mjini, kwenye nyumba niliyokuwa nafanya kazi. Maua yake ya njano na nyekundu kwenye kichwa kimoja, niliona yatapendeza mlangoni. Nikachomeka. Kikaota, kikawa kichaka, kikawa ukuta. Ndege wakala matunda yake meusi, wakamwaga mbegu nusu ya shamba la karanga. Kila kiangazi tulikata kwa panga, matawi tukazungushia zizi la mbuzi kama tunavyofanya na miiba. Yakachipua palepale! Mbuzi wakayatafuna. Mmoja macho yakawa ya njano, akafa.

Mama mkwe hakugomba. Alisema tu, "Haya, mkwe wangu wa mjini, ugali tutalia maua." Kisha akasema mvua zikikuta shamba chafu, anampa shemeji alilime. Na siku hizi wanunuzi wa karanga wanakuja wenyewe na malori!

Nililia. Halafu nikamwendea bwana shamba na tawi mkononi. Akafikicha jani, akanusa, akanishikisha shina lenye pembe nne. Lantana hiyo, akasema. Usikate, ng'oa, kabla haijatoa maua, na mizizi uigeuzie jua.

Nikapika togwa, nikaita majirani waje na majembe, kama ilivyo desturi yetu. Mbele yao wote nikasema aliyeleta ni mimi.

Baba Neema aliinamisha kichwa.

Jirani mmoja akaropoka, "Basi lile shina nene la mlangoni ni lako peke yako!" Wakacheka. Nikalichimba peke yangu, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka likalala chini.

Leo ni wiki ya tatu tangu tupande. Karanga zimeota shamba zima, mistari imenyooka. Adui akichungulia tunamng'oa kwa vidole.

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Mama mkwe ananiita kutoka shambani, "Mama Neema, acha madaftari, njoo upalilie karanga zako!" Zako. Kasema zako, na tangu niolewe sijawahi kusikia akisema hivyo.