Kioo Kinasema Gari ni Dogo Kwangu

Mshauri, shikamoo. Nimevurugwa, naomba unishike mkono kabla sijamkosea baba yangu. Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari, naolewa mwezi ujao, na baba ana gari lake la zamani analoliogesha kuliko alivyotuogesha sisi wanawe, na tangu utoto wangu hadithi yake ni moja, kwamba mama alishikwa na uchungu njiani nikazaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo hilo, ndiyo maana ameapa kunipeleka harusini nalo, basi nikasema nimshonee viti vipya, nikafungua mlango wa nyuma nibadilishe kitambaa, nikafuta vumbi kwenye kona ya kioo, nikaona alama ya kiwanda na mwaka kioo kilipotengenezwa, na mwaka huo mimi nilikuwa nishaanza kutembea. Mtu anazaliwaje ndani ya gari ambalo halijaundwa? Nikimuuliza mama anaziba mdomo, anacheka, anakimbilia jikoni, na mimi nimeanza kujiuliza kama huyu baba ni wangu kweli. Simu zake sipokei. Nimemwambia mchumba wangu tukodi gari lingine.

Fundi Viti

Fundi Viti, marahaba. Pole mwanangu, ila una haraka. Umesoma kioo kimoja tu ukamvua mzazi ubaba? Kioo huvunjika, kikawekwa kingine, hata mwaka mmoja au miwili baadaye pesa ikipatikana. Rudi ukasome vioo vyote vilivyobaki. Fungua boneti uangalie mwaka kwenye kibati cha chasisi, kisha kwenye lebo zilizoshonwa kwenye mikanda ya viti. Vikikubaliana vyote, hicho kimoja kikabaki peke yake, basi gari ni kubwa kwako, na mgeni ni kioo.

Halafu nenda kwa mama. Usimuulize baba yako ni nani, utamuumiza bure. Muulize, "Mama, kioo cha nyuma kilivunjwa na nani?" Mimi sikuwepo, lakini nimezaa, tena wanne, na najua miguu ya mwenye uchungu kwenye kiti chembamba inavyorusha mateke. Nahisi mama yako hafichi mwanamume. Anaona haya.

Leo hii pokea simu ya baba. Uliyoyawaza yameze, asiyasikie kamwe. Mwambie unamalizia viti, na la kukodi gari lifute. Siku ya harusi kaa nyuma, ubavuni mwa kioo hicho hicho.

Mama yako akae mbele.